Nyuzi Kumi na Mbili za Shangazi Kadzo

Mara ya tatu kwenda shuleni kwa mwanangu nilikuwa nimejiapiza kutopaza sauti. Mara ya kwanza niliambiwa mwalimu wa muziki yuko mkutanoni, nikarudi zangu nyumbani, Barani. Mara ya pili niliambiwa niandike neno langu kwenye shajara ya mtoto, nikaandika, na shajara ikarudi na sahihi tu, kama vile nilikuwa nimewasalimu. Mara ya tatu nikakalishwa kwenye benchi ndani ya ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu nisubiri, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya nikawa natazama ukuta. Kulikuwa na kalenda kubwa imening'inizwa kwenye msumari kwa waya mwembamba wa rangi ya dhahabu. Nikainuka nikausogelea. Mwisho wa ule waya kulikuwa na kipete kidogo cha shaba, kile kinachoingia ndani ya tumbo la gita ili uzi usichomoke. Haukuwa waya. Ulikuwa uzi wa gita langu. Nikaitungua kalenda ya watu, nikachomoa uzi wangu, nikauzungusha kidoleni, na hapo ndipo subira yangu yote ikakatika.

Nieleze yaliyotangulia, maana mtu akisikia mama mzima ameangusha kalenda ya shule atasema ni wazimu. Mwanangu Sidi yuko Gredi ya Nne. Walikuwa wanafundishwa ala za muziki, na kila mtoto aliambiwa alete chombo kutoka kwao. Wengine walileta kayamba, mmoja akaleta ngoma ya babu yake, Sidi akabeba gita langu. Katika zoezi wakaulizwa gita lina nyuzi ngapi. Sidi akaandika kwamba hilo lake lina kumi na mbili, mengine sita, na besi ina nne. Akapata kosa, kwa kalamu nyekundu. Aliposema gita liko pale mezani, basi tulihesabu, mwalimu akamwita mjuaji na mwongo, akamsimamisha mbele ya wenzake mikono kichwani, akachukua koleo akakata uzi mmoja katika kila jozi, maana nyuzi zile hukaa mbilimbili, ili darasa zima lione gita linavyotakiwa kuwa. Kisha akafuta jina lake kwenye orodha ya watoto wa tamasha la muziki, kwa sababu mtoto wa tabia hiyo hawezi kuiwakilisha shule. Haya yote nililetewa na mtoto mwenyewe, kisha na wenzake watatu, mmoja mmoja, na hakuna aliyetofautiana na mwenziwe. Lakini kilichoniumiza si gita. Jioni moja, tunakula sima na mchicha, nilimwambia Sidi kwamba nitakwenda tena shuleni kuliweka sawa. Akaacha kula, akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama, tuseme tu ni sita." Mtoto wangu alikuwa amehesabu nyuzi zile kwa vidole vyake tangu ana miaka minane.

Naibu alipoingia na mwalimu wa muziki nyuma yake, alinikuta nimesimama na uzi kidoleni na kalenda iko chini. Akaniambia, Mama Sidi, tulia, tuzungumze. Nikamwambia mimi nimetulia mara mbili na hakuna aliyezungumza nami. Mwalimu ni kijana, pengine tunalingana umri. Hakuwa hata na haya. Alinieleza kwa upole, kama anayemweleza mtoto wa chekechea, kwamba gita ni nyuzi sita, hata kitabuni ni sita, na hilo langu lilikuwa limefungwa vibaya na fundi asiyejua kazi.

"Mimi nimekurekebishia bure, mama," akasema.

"Yule fundi unayesema hajui kazi tulimzika mwaka jana," nikamwambia. "Nyuzi ulizokata ndizo za mwisho kufungwa na mikono yake. Na mtoto uliyemwita mwongo alifundishwa kuhesabu na mimi, nami nilifundishwa na yule fundi. Kwa hiyo umetutukana watatu, na mmoja hawezi kukujibu."

Niliyosema baada ya hapo siyaandiki. Nilitoka nje, na kutoka langoni hadi nyumbani sikuona njia. Nilikuwa naiona sebule ya yule fundi, Shangazi Kadzo, kule Kibarani.

Mwaka nilioingia sebule ile nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo yangu hayakunipeleka popote. Mambo ya kwetu nitayaacha kwetu. Itoshe kwamba nilihitaji mahali pa kukaa, na Shangazi Kadzo alihitaji msichana wa mikono myepesi. Hakuwa shangazi yangu wa damu. Kila aliyeingia nyumba ile, awe na miaka kumi au hamsini, alimwita shangazi. Alikuwa mwanamke mnene, mweusi tititi, mwenye miwani iliyofungwa kwa gundi, na Ijumaa na Jumamosi alipiga besi katika bendi ya hoteli moja ya wageni. Siku nyingine zote alikuwa fundi wa magita. Mwanamke fundi wa magita, watu walicheka mpaka magita yao yalipoharibika. Sebule yake ilikuwa na makochi mawili yenye vitambaa vya kufuma, na juu ya makochi hayo, kwenye boriti za paa, magita yalining'inia kwa vipande vya leso kuukuu kama popo. Ukiingia ulipaswa kuinama. Upepo ukivuma kutoka mlangoni, yaligusana na kutoa mlio mdogo, na Shangazi akiwa jikoni huita, "Karibu," akidhani ni mgeni.

Wiki ya kwanza nilifanya kosa la sufuria. Nyuzi za besi ni nene na hazipatikani kirahisi, na zikishakula jasho na uchafu wa vidole sauti yake hufa. Shangazi hakuzitupa. Alizifungua, akazichemsha katika maji yenye magadi kidogo, akazianika juani juu ya gunia, na zikirudishwa kwenye gita zilikuwa kama zimezaliwa upya. Kazi hiyo ilikuwa na sufuria yake, nami sikuambiwa, au niliambiwa sikusikia. Asubuhi nikapikia chai. Tulikunywa na mahamri na mbaazi, sote wawili na mteja mmoja wa Mnarani, na chai ilikuwa na ladha ya msumari. Shangazi akaonja tena, akanitazama, akatazama rafu, akasema polepole, "Kache, leo umetunywesha vidole vya wanamuziki wote wa Kilifi." Mteja akatema. Shangazi alimaliza kikombe chake.

Kuhesabu nyuzi alinifundisha bila somo. Siku moja mgeni wa hotelini alileta kijigita kidogo kama cha kuchezea, nami nikamwambia Shangazi kimekatika nyuzi mbili, nitafute za kuongeza. Alinishika kidole akakipitisha juu ya vile vigingi vya kukazia nyuzi vilivyo kichwani mwa gita, yeye aliviita masikio. "Yako mangapi?" Manne. "Sasa hizo nyuzi mbili utazifunga wapi, puani?" Kile kilikuwa ukulele, na ukulele ni nyuzi nne tangu kuzaliwa. Kutoka siku hiyo nilianza na masikio. Besi ya Shangazi masikio manne. Magita ya kanisani sita. Watoto wa Ganda wanaounda gita la debe la mafuta na waya za breki za baiskeli hufunga tatu, wakati mwingine mbili, na wimbo unatoka. Mara moja tu nikaona gita la masikio saba, la kijana aliyetoka Nairobi, naye hakumruhusu mtu kulishika.

Mabishano ya sebule ile nayakumbuka kuliko nyimbo. Wanamuziki walikuja kuchukua magita wakakaa mpaka chakula kiive, na chakula kikiiva wakakaa mpaka kiishe. Mpiga besi mmoja kijana alinunua besi ya nyuzi tano, akaja kuionyesha kwa maringo kama bwana harusi. Akasema besi ya nyuzi nne ni ya nyanya zetu, siku hizi mtu bila uzi wa tano hawezi kushuka chini sawasawa. Shangazi alikuwa anakuna nazi, amekaa juu ya mbuzi, hakuinua uso. Akamuuliza, "Na kidole cha tano umeongeza?" Watu wakacheka. Kijana akasema shangazi anaona wivu. Akajibiwa kwamba uzi ule wa chini kabisa kazi yake ni kutetemesha madirisha ya majirani, na yeye majirani zake anawapenda. Lakini kijana alipokwenda, Shangazi aliniambia nisicheke sana. Alisema uzi wa tano una mahali pake, na kuna nyimbo anatamani angekuwa nao. Alichokuwa anakataa ni mtu kudhani idadi yake ndiyo idadi ya dunia.

Lile la kumi na mbili halikuning'inia na mengine. Lilikaa chumbani kwake juu ya kabati, limefunikwa leso, na alilishusha Jumapili alasiri akitoka kanisani, kabla ya kubadili gauni. Nilipoliona mara ya kwanza nilihesabu masikio mara mbili. Nyuzi zimekaa mbilimbili, karibu sana, kidole kimoja kinakanyaga zote mbili. Katika jozi nne za juu, uzi mnene una mwenzake mwembamba anayesema maneno yaleyale kwa sauti ya kitoto. Jozi mbili za mwisho ni mapacha, sawa kwa sawa. Akipiga, ilikuwa kama kuna watu wawili chumbani, mama anaimba na mwanawe anamfuata neno kwa neno, na wakati mwingine mtoto anatangulia. Hakulipiga mbele ya watu. Nilimuuliza kwa nini, akasema bendi inamlipa kwa zile nne, hizi kumi na mbili ni zake. Nilikuwa na miaka kumi na minane na nilikuwa sijawahi kusikia mwanamke akisema kitu ni chake, bila mume, bila watoto, bila kuomba radhi. Sasa ninaposuka nywele za watu kutwa nzima, na mtu ananiambia gita la nini kwa mama wa watoto, huwa nasikia neno lile. Ni langu.

Katikati ya mwaka ndipo nilipoharibu kweli. Kulikuwa na mzee mmoja, Mzee Kahindi, mpiga solo wa harusi, mtu mwembamba anayevaa kofia hata ndani ya nyumba. Alileta gita lake la kawaida, la nyuzi sita, lisafishwe tu, maana Jumamosi alikuwa na harusi Ganda. Shangazi alikuwa ametoka. Nilipolishika nikaona uzi wa nne si wake. Ulikuwa mwembamba sana, mwembamba kama wa kwanza, mahali ambapo pangekuwa na uzi mnene wa kuzungushiwa shaba. Nikasema moyoni, maskini mzee, alikosa uzi akafunga alioupata. Nikamvulia, nikautupa, nikamfungia uzi wa nne unaostahili, mpya, kutoka kwenye sanduku la Shangazi. Nilijisifu. Nilikuwa nimetenda wema.

Jumamosi alasiri pikapu ya bendi ya Mzee Kahindi ilisimama mlangoni kwetu kwa vumbi. Kule harusini Mzee Kahindi alikuwa amepanda jukwaani, bibi harusi yuko mlangoni, akaanza wimbo wa kumwingiza, na gita likatoa sauti ambayo si yake. Akasimama. Akajaribu tena. Wanawake waliokuwa wanapiga vigelegele wakanyamaza, na mtu akasema kwa nguvu kwamba mzee amezeeka. Bibi harusi akaingia kwa ngoma tupu. Haya alitueleza Mzee Kahindi mwenyewe, ameshika kofia mkononi, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimwona bila kofia. Hakunipigia kelele. Alimuuliza Shangazi tu, "Kadzo, nilikukosea nini?" Wapiga solo wa enzi yake, akaeleza huku ananitazama mimi, huvua uzi wa nne mnene na kuweka mwembamba, ukazwe upande juu, ndipo vidole viweze kukimbia bila kuruka. Miaka yote alikuwa anapiga hivyo. Nyuzi ni sita, lakini si sita za kitabuni.

Nilingoja kupigwa. Kwetu ningepigwa. Shangazi alivua miwani, akaifuta kwa leso, akasema kosa ni lake kwa sababu aliniachia magita ya watu bila kuniambia wenyewe ni nani. Kisha akanigeukia, na alichosema ndicho nilichokirudia kichwani siku niliyotoka shuleni kwa Sidi na uzi kidoleni. "Kutojua hakukuhukumu, Kache. Lakini huyu ameaibika mbele za watu, basi ataombwa radhi mbele za watu. Si hapa sebuleni." Akanitia mkononi uzi mwembamba na koleo, akanipandisha kwenye pikapu, na yeye akapanda kwa shida mbele, kando ya dereva.

Ganda tulikuta watu wanakula. Nilibadilisha uzi nyuma ya masufuria ya pilau, moshi machoni, akina mama wapishi wananiuliza mimi ni binti wa nani na kwa nini nalia. Nilipomaliza Shangazi alinishika mkono akanipeleka mbele. Hakunisemea. Niliwasalimu wazee shikamoo, nikasema mimi ndiye niliyebadilisha uzi wa Mzee Kahindi bila kumuuliza, nilidhani najua, mzee hakukosea chochote. Sauti yangu haikufika nyuma, mtu akasema rudia, nikarudia. Kisha Mzee Kahindi akavaa kofia yake, akasema, "Binti alinipa gita la watu wote. Mimi nina gita la Kahindi." Wakacheka, naye akaanza kupiga, na ule uzi mwembamba ukapita katikati ya zile nyingine kama samaki. Mama mmoja akanipa sahani ya pilau yenye nyama mbili. Nilikula nimesimama. Sijawahi kuaibika vile, wala sijawahi kutoka mahali mwepesi vile.

Kwa hiyo asinidhanie mtu kwamba nina hasira na mwalimu kwa sababu hakujua. Hata mimi sikujua, na niliharibu harusi ya watu. Nina hasira kwa sababu alikuwa na masikio kumi na mawili mbele ya macho yake na mtoto anayemwambia hesabu, akaona heri akate kuliko kuhesabu. Na alikata vibaya. Katika jozi mbili aliondoa uzi mnene akaacha mwembamba, kwa hiyo hata hilo gita la nyuzi sita alilolitaka hakulipata. Shangazi alilifunga wiki chache kabla hajalazwa, nilikwenda Kibarani kumwona nikamkuta amekaa kitandani analikaza, akaniambia, lichukue, lipo tayari, mtoto asisubiri mpaka mimi nife ndipo ajifunze. Sidi alikuwa na miaka minane. Alilibeba yeye mwenyewe mpaka stendi, halikumwacha hata kuona mbele.

Nilipofika nyumbani siku ile ya kalenda niliandika kurasa tatu, na kurasa mbili na nusu zilikuwa matusi. Nikazichana. Nikaandika tena kesho yake, kwa karatasi ya daftari la Sidi, nikaenda kupigisha chapa, nikaipeleka kwa mkono wangu ofisi ya elimu. Karani alisoma, akasoma tena, akaniuliza kama kweli hii ni habari ya nyuzi za gita. Nikamwambia asome mpaka mwisho. Akagonga muhuri. Nakala yangu ninayo, nayo inasema hivi:

Kwa Afisa wa Elimu,

KUH: MALALAMIKO DHIDI YA MWALIMU WA MUZIKI

Mimi ni mzazi wa Sidi, mwanafunzi wa Gredi ya Nne. Mwanangu aliandika katika zoezi kwamba gita letu lina nyuzi kumi na mbili. Jibu hilo ni sahihi. Alikosolewa, akaitwa mwongo, akaadhibiwa mbele ya darasa, na nyuzi sita za gita hilo zikakatwa kwa koleo bila idhini ya mwenyewe. Baada ya hapo akaondolewa kwenye tamasha la muziki. Nimefika shuleni mara tatu bila kusaidiwa. Mara ya tatu niliangusha kalenda ya ofisi na kutumia lugha isiyofaa. Kwa hilo naomba radhi, na niko tayari kuiomba mbele ya walimu wote.

Siombi mwalimu afukuzwe. Siombi kulipwa nyuzi, nitazifunga mwenyewe. Naomba mambo mawili. La kwanza, jina la mwanangu lirudishwe kwenye orodha kabla watoto hawajaondoka kwenda tamashani. La pili, mwalimu asimame mbele ya darasa lilelile, mtoto akiwepo, ahesabu nyuzi za gita hilo kwa sauti, uzi kwa uzi, na akifika mwisho aseme ni ngapi.

Nasema hivi kwa sababu mwanangu sasa akiulizwa hujibu sita. Anajua si sita. Anajibu hivyo kwa kuwa anaogopa, na mimi sikumpeleka shule akajifunze hilo.

Wako mwaminifu,
Kache, mama yake Sidi